Mtetemo na Kuruka kwa Magurudumu kwenye Pikapu Iliyoinuliwa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Wenye pikapu zilizoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa, kuanzia Land Cruiser mkonga zinazokwenda migodini Geita hadi Hilux zinazofuata dagaa kwenye mialo ya Kayenze na Igombe, wanalalamikia jambo lilelile. Gari limefanyiwa balansi tena na tena, shokapu mpya zimefungwa, pesa imeisha, na bado likifika kilomita 80 kwa saa usukani unacheza au sakafu inavuma. Wengine wanaona gurudumu la nyuma likidundadunda kila wanapopanda mlima kwa nguvu.

Wanashindwa kwa sababu moja kubwa: kifaa kinanunuliwa kabla ya kosa kupimwa. Gari likiinuliwa, uzito wa magurudumu na pembe za vyuma vya chini hubadilika kwa pamoja, na balansi haiwezi kuponya pembe, wala shokapu haiwezi kunyoosha rimu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake na usinunue chochote kabla ya kufika hatua inayokuelekeza kununua.

## Tofauti ya mtetemo na kuruka

Mtetemo hufuata mzunguko wa kitu. Huanza kwenye spidi fulani, hukua, na mara nyingi hupungua ukishaipita spidi hiyo. Kuruka ni gurudumu kuachana na barabara kwa kitambo kidogo na kurudi, mara nyingi kwa sekunde. Kuna kuruka kunakotokea kwenye mwendo kasi, ambako kwa kawaida husababishwa na tairi lisilo la mviringo pamoja na shokapu iliyochoka. Kuna kuruka kunakotokea unapokanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye gia ndogo, na huko chanzo chake huwa springi za nyuma zinazojipinda. Andika kwenye daftari ni lipi kati ya haya unalo, kwa sababu njia za kuyatafuta hazifanani.

## Vifaa unavyohitaji

Jeki yenye uwezo wa kubeba gari lako na stendi mbili za chuma. Matofali na mawe hayafai hata kidogo, kwani gari lililoinuliwa lina kitovu cha uzito kilicho juu na huanguka haraka zaidi.

Vizuizi vya magurudumu, geji ya upepo, chaki, futi kamba, rula ya chuma yenye milimita, waya mgumu, utepe wa karatasi wa kupakia rangi, brashi ya waya, torchi, mtaimbo mfupi, na spana ya kukazia inayoonyesha kipimo cha nguvu.

Simu yenye programu ya kupima pembe na nyingine ya kupima mtetemo kwa sekunde. Programu hizi hupatikana bure na kwa kazi hii zinatosha.

Msaidizi mmoja anayesikiliza maelekezo. Hatua kadhaa hapa si za mtu mmoja.

## Hatua ya 1: Jua spidi yako halisi

Matairi makubwa huifanya spidomita isome chini ya ukweli. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776, na la 285/70R17 lina milimita 831, yaani kubwa kwa asilimia 7. Spidomita ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86. Bila kulijua hili, hesabu zote zinazofuata zitapotoka.

Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni palipo usawa, sukuma gari mpaka tairi lizunguke mara moja kamili, kisha pima umbali kati ya alama mbili za sakafuni. Huo ndio mzingo halisi ukiwa na uzito wa gari juu yake. Tairi la inchi 33 hutoa takriban mita 2.6.

Sasa piga hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo tairi hilo huzunguka karibu mara 8.5 kwa sekunde. Ikiwa difu lako lina uwiano wa 4.1, yaani propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu) huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, itazunguka karibu mara 35 kwa sekunde. Andika namba hizi mbili mahali pa wazi. Ndizo zitakazokuambia kosa liko wapi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na mzingo wa tairi, uwiano wa difu na spidi halisi iliyothibitishwa kwa simu yenye ramani.

## Hatua ya 2: Ondoa makosa ya bure

Osha magurudumu, hasa upande wa ndani wa rimu. Udongo mweusi wa mbuga, unaotapakaa nje kidogo ya jiji la Mwanza ukielekea Misungwi au Magu, hunata ndani ya rimu na kukauka kama saruji. Bonge la gramu mia mbili tu upande mmoja linatosha kutikisa usukani mzima, na hakuna mashine ya balansi itakayokusaidia ikiwa bonge hilo litadondoka njiani unaporudi nyumbani. Osha pia propela shafti na uondoe tope lililoganda juu yake.

Chomoa mawe yaliyobana kwenye meno ya tairi. Kagua kama tairi limevimba ubavuni au juu. Likiwa limevimba, halifanyiwi kipimo chochote zaidi, linatolewa garini siku hiyohiyo.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, na magurudumu mawili ya ekseli moja yawe sawa. Fungua kijiti cha upepo kidogo na uangalie kama kinatoa maji. Kompresa ambazo hazimwagwi maji yake hujaza unyevu ndani ya tairi, na dawa ya maji ya kuziba pancha hufanya vivyo hivyo. Kimiminika kinachotembea ndani ya tairi hakibalansiki.

## Hatua ya 3: Jaribio la barabarani

Chagua lami iliyonyooka na laini, nje ya makazi, asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi. Barabara ya kuelekea Musoma ukishaipita Kisesa ina vipande vinavyofaa. Kumbuka kwamba kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na jaribio hili lisifanyike katikati ya watu. Endesha kwanza kwa dakika 15 ili matairi yapate joto, kwa sababu tairi zito lililosimama usiku kucha hutengeneza ubapa chini na ubapa huo huondoka likipata joto. Msaidizi ndiye anayeandika na kushika simu.

Kwanza, ongeza spidi taratibu kutoka 40. Andika mtetemo unapoanza, unapofikia kilele na unapoisha. Angalia unausikia wapi: ukiwa kwenye usukani, anza kushuku mbele, ukiwa kwenye kiti na sakafu, anza kushuku nyuma au propela.

Pili, ukiwa kwenye spidi ya kilele, badilisha gia bila kubadilisha spidi. Mtetemo ukibadilika pamoja na mlio wa injini, chanzo ni injini, klachi au mauntini zake. Jaribio hili ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu katika magari mengi ya gia tano, gia ya nne huizungusha propela sawasawa na injini, na mtu akibaki kwenye gia hiyo tu hawezi kuvitenganisha viwili hivyo.

Tatu, achia mafuta, kisha kanyaga tena kidogo. Mtetemo unaotokea ukikanyaga na kutoweka ukiachia, au kinyume chake, kwa kawaida ni wa pembe za propela au krosi zake (viungo vinavyoiruhusu kukunjika). Usiojali mafuta kabisa ni wa magurudumu.

Nne, weka gia huru kwa sekunde chache ukiwa kwenye njia iliyo tambarare; mtetemo ukibaki, chanzo si injini. *Onyo: usizime injini. Ukiizima, nguvu ya usukani na msaada wa breki vinaondoka, na usukani unaweza kujifunga.*

Tano, kwenye barabara ya moramu, kanyaga mafuta kwa nguvu kutoka kusimama ukiwa kwenye gia ya kwanza. Midundo mizito kutoka nyuma inakupeleka moja kwa moja hatua ya 7.

Hakikisha gari liko kwenye magurudumu mawili ya kuvuta na, kama lina habu (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono mbele, ziwe huru. Mtetemo ukipungua habu zikiwa huru na kurudi zikifungwa, kosa liko kwenye ekseli ya mbele au propela yake.

Ukiweka simu kwenye reli ya kiti, usomaji wake ulinganishe na namba za hatua ya 1. Kwa mfano wetu, mtetemo wa mara 8 au 9 kwa sekunde ni wa gurudumu lenye upande mzito au rimu iliyokaa upande. Wa mara 17 ni wa tairi lililokuwa umbo la yai, maana linagonga mara mbili kwa kila mzunguko. Wa mara 35 ni propela isiyo na balansi au iliyopinda. Mvumo wa haraka kuliko huo, unaosikika sikioni zaidi ya mkononi, ni krosi inayofanya kazi kwenye pembe mbaya, ambayo hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko wa propela. Simu nyingi hazifikii namba hiyo, kwa hiyo tegemea majibu ya jaribio la tatu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi moja, kama vile: "Unaanza 75, unakomaa 90, uko sakafuni, unaongezeka nikikanyaga mafuta." Mwenye sentensi hiyo anakwenda hatua ya 8. Mwenye mtetemo wa gurudumu anaendelea hatua ya 4. Asiyeweza kuiandika arudie jaribio, kwa sababu kila shilingi atakayoitumia baada ya hapo itakuwa ya kubahatisha.

## Hatua ya 4: Namna rimu inavyokaa kwenye habu

Hapa ndipo naamini matatizo mengi ya matairi makubwa yanapoanzia, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Rimu ya kiwandani hushikwa katikati na tundu lake la kati, linaloingia kwenye habu bila nafasi. Rimu za kununua mitaani mara nyingi zina tundu kubwa zaidi.

Chukua mfano wa Nissan Patrol ya zamani na Toyota Hilux. Zote zina stadi (bolti za gurudumu) sita kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo rimu ya Patrol inaingia kwenye Hilux bila kulalamika. Lakini tundu la kati la Patrol ni takriban milimita 110 na la Hilux ni 106. Inabaki nafasi ya milimita mbili kila upande, na rimu sasa inashikwa katikati na nati peke yake. Fundi akikaza nati ya kwanza kwa mashine ya upepo hadi mwisho, rimu hulala upande mmoja na kubaki hapo.

Toa gurudumu. Safisha kwa brashi ya waya uso wa habu, uso wa rimu na mzunguko wa tundu mpaka chuma kionekane. Kutu au tope la unene wa milimita moja hapo huwa mara kadhaa zaidi kwenye ukingo wa tairi. Kama kuna nafasi kati ya tundu na habu, tafuta ringi za kujazia za kipimo hicho au mwombe fundi wa leisi akuchongee.

Kagua nati. Rimu yenye matundu ya koni inahitaji nati za koni. Nati za Toyota zenye washa bapa, zilizotengenezwa kwa rimu zake za aloi, hazikai kwenye koni. *Onyo: mchanganyiko huo hulegea njiani na gurudumu hutoka. Ukiukuta, gari lisitembee.*

Rudisha gurudumu likiwa hewani, kaza nati kwa mkono kwa mtindo wa nyota, zungusha gurudumu kidogo kila mara ili lijikalishe katikati, kisha shusha gari na umalizie kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Rimu ya chuma na ya aloi huenda zikawa na vipimo tofauti kwenye gari lilelile.

Baada ya kazi hii pekee, rudia jaribio la barabarani. Mara nyingi safari huishia hapa.

## Hatua ya 5: Pima kama tairi na rimu ni mviringo

Weka ekseli kwenye stendi na uhakikishe kwanza beringi hazichezi, kwani beringi iliyolegea huharibu kila kipimo. Zungushia utepe wa karatasi katikati ya tairi, ukivutwa vizuri juu ya meno, ili upate uso laini wa kupimia. Matairi ya matope yana meno yaliyoachana sana kiasi kwamba bila utepe huo hutaona chochote.

Simamisha waya mgumu kwenye stendi nyingine ili ncha yake ikaribie utepe bila kuugusa. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono na upime kwa rula nafasi kubwa na nafasi ndogo. Tofauti ya hadi milimita 1.5 inavumilika. Ikizidi 3, kwa maoni yangu, usipoteze pesa ya balansi mpaka uirekebishe, kwa sababu tairi lenye nundu linaweza kubalansiwa kikamilifu na bado likaliinua gari kila linapozunguka. Pima pia ubavuni, kisha ukingo wa rimu, ambao unapaswa usizidi takriban milimita moja.

Rimu ikiwa nzima na tairi likiwa na nundu, mwambie fundi tairi atoe upepo, alizungushe tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apake maji ya sabuni kingo zote na ajaze upepo tena hadi mstari ulio karibu na rimu uonekane umbali sawa pande zote. Pima upya. Nundu ikihama na tairi, kosa ni la tairi. Ikibaki palepale kwenye rimu, rimu imepinda. Matairi mengi mapya huja na nukta ya njano, inayoonyesha upande mwepesi, nayo huwekwa karibu na kijiti cha upepo. Nukta nyekundu huonyesha sehemu ya juu zaidi, na huwekwa penye sehemu ya chini zaidi ya rimu.

## Hatua ya 6: Balansi iliyofanywa ipasavyo

Uliza mashine ina uwezo wa uzito na kipenyo gani kabla ya kukubali kazi. Mashine ya magari madogo hufunga gurudumu la inchi 33 kwa shida na kutoa majibu yasiyorudiwa. Jaribio rahisi ni hili: baada ya mashine kuonyesha sifuri, mwombe fundi alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye mashine na alizungushe tena. Isipoonyesha sifuri au karibu nayo, gurudumu halikufungwa katikati na kazi yote ni batili.

Risasi za zamani zitolewe kwanza. Gurudumu likidai zaidi ya gramu 150 hadi 200 upande mmoja, lirudishwe hatua ya 5 badala ya kurundikiwa risasi.

## Hatua ya 7: Kuruka, yaani shokapu na springi

Ekseli na magurudumu yake ina mdundo wake wa asili, kwa kawaida kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Tairi zito huushusha mdundo huo. Sasa angalia: tairi la inchi 33 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka takriban mara 10.7 kwa sekunde. Mizunguko ya tairi ikikutana na mdundo wa ekseli, kasoro ndogo ambayo tairi la kiwandani lingeificha hugeuka kuwa kuruka, na kitu pekee kinachoizuia ni shokapu. Ndiyo maana shokapu mpya hupunguza tatizo bila kulimaliza: kasoro ya tairi bado ipo.

Kagua kama shokapu inavuja na kama bushi zake zimeliwa. Kisha inua bodi hadi magurudumu yaning'inie. Kinachoisimamisha ekseli kikiwa ni shokapu yenyewe, basi ni fupi kwa gari lililoinuliwa, itagonga mwisho wake kila shimo na itakufa mapema. Jaribio jingine zuri ni la joto: endesha dakika 20 kwenye barabara ya moramu yenye mikunjo, simama, na ukaribishe mkono kwa tahadhari kwenye kila shokapu. Inayofanya kazi huwa ya moto. Iliyobaki baridi wakati wenzake wamechemka haifanyi kazi.

Kwa midundo ya gia ya kwanza, simamisha gari palipo wazi, mbele na nyuma pasiwe na mtu. Dereva akanyage breki kwa nguvu, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo sana, kisha afanye hivyo kwa gia ya nyuma, na wewe utazame kutoka ubavuni, mbali na njia ya magurudumu. Pua ya difu ikiinuka wazi na springi za bapa kujikunja umbo la S, umepata chanzo. Bloku zilizowekwa kati ya springi na ekseli huongeza urefu wa mkono unaoipinda springi, na kadiri bloku inavyokuwa ndefu ndivyo springi inavyoshindwa kushikilia.

Tiba ya kweli ni kuondoa bloku na kufunga springi zenye mkunjo unaotoa urefu huo, zikiwa na yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Fito ya kuzuia ekseli kujipinda inasaidia, mradi ifungwe na mtu anayejua kuacha nafasi ya springi kurefuka. *Onyo: bloku mbili zisibebane kamwe, na ekseli ya mbele isiwekewe bloku hata moja.*

Pima pia umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, kulia na kushoto. Tofauti kubwa maana yake senta bolti (bolti ya katikati ya springi) imekatika na ekseli imeteleza.

## Hatua ya 8: Pembe za propela shafti

Krosi inayofanya kazi kwenye pembe haizungushi kwa mwendo sawa. Huharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili huifuta kasoro hiyo, lakini kwa masharti mawili: pembe za mkunjo za pande zote mbili ziwe sawa, na yoki za propela (uma zinazoshika krosi) ziwe kwenye mstari mmoja. Kuinua gari huvunja sharti la kwanza, na fundi asiyeweka alama kabla ya kufungua propela huvunja la pili.

Gari liwe juu ya magurudumu yake, mahali pa usawa, likiwa na mzigo linaobeba kwa kawaida. Kupima ekseli ikining'inia hakuna maana yoyote. Weka simu kwenye uso bapa wa flanji (bamba la kufungia propela) ya transfa, yaani boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye propela, na kwenye flanji ya pinioni, yaani gia inayoingia kwenye difu. Andika digrii na upande wa mteremko.

Mfano: transfa inainama digrii 3, propela inainama digrii 9. Mkunjo wa juu ni 6. Pinioni nayo ikiwa sambamba na transfa kwa digrii 3, mkunjo wa chini ni 6, na kasoro zinafutana. Sasa mtu afunge bloku zilizochongwa mteremko, pinioni itazame juu kwa digrii 7. Mkunjo wa chini unakuwa 2, tofauti ni digrii 4, na gari linavuma. Lenga tofauti isiyozidi digrii 1. Mkunjo wenyewe ukiwa chini ya digrii 3 ni salama kwa mwendo mrefu wa lami. Wa 6 kama huu wa mfano hula krosi haraka, hata zikiwa sawa.

Rekebisha kwa kabari za chuma za digrii unazohitaji kati ya springi na ekseli. Propela yenye krosi mbili zilizounganishwa upande wa transfa hufuata sheria nyingine: pinioni huelekezwa moja kwa moja kwenye propela, digrii 1 au 2 chini yake, kwa sababu ekseli huinua pua gari likivuta. Ukigeuza pinioni juu sana, hakikisha mafuta ya difu bado yanaifikia beringi yake ya mbele.

Kisha shika propela kwa mikono miwili, iviringishe na kuisukuma. Krosi yenye kucheza kokote inabadilishwa. Angalia mishale kwenye sehemu mbili zinazoteleza. Isipotazamana, meno yaliingizwa vibaya. Tafuta pia kibonyeo kwenye bomba la propela na alama ya kipande cha balansi kilichodondoka. Kwenye Hilux zenye propela ya vipande viwili, beringi ya katikati nayo huhitaji kushushwa kidogo gari likiinuliwa.

*Onyo: ukitoa propela ya nyuma, gia haitashikilia tena magurudumu ya nyuma, na kwenye Defender za zamani breki ya mkono nayo haitafanya kazi kwa sababu imefungwa kwenye transfa. Weka vizuizi kabla ya kufungua bolti ya kwanza.*

## Hatua ya 9: Mtikisiko mkali wa mbele

Magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser mkonga, Patrol na Defender za zamani, huweza kupatwa na mtikisiko wa ghafla baada ya kugonga shimo, usukani ukicheza kulia na kushoto kiasi cha kushindwa kushikika. Ukikupata, shika usukani imara, achia mafuta, punguza mwendo taratibu hadi usimame. Usiendelee na safari kabla ya ukaguzi.

Injini ikiwa hai na magurudumu yakiwa chini, msaidizi acheze usukani nusu robo kushoto na kulia huku ukitazama kila kiungo: tairodi, panadi rodi (fito inayozuia ekseli kwenda pembeni) na bushi zake, na mahali boksi la usukani linapofungwa kwenye fremu. Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini na ulitikise. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukitoweka ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia). Kwenye magari ya mbele huru, kama Hilux za sasa, boli jointi ndizo zinazocheza.

Kama hakuna kinachocheza, pima kasta, yaani mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma. Kuinua gari hupunguza pembe hiyo, na usukani hupoteza tabia ya kujirudisha katikati. Bushi zilizotobolewa pembeni au mabano ya kusahihisha huirejesha. Shokapu ya usukani iliyo nene zaidi huficha dalili tu, na huiacha sehemu iliyochakaa iendelee kuliwa bila wewe kujua.

## Hatua ya 10: Kuthibitisha

Rudi barabara ileile, spidi ileile, mzigo uleule, na uweke simu mahali palepale. Kilele ulichokiandika mwanzo kinapaswa kuwa kimeshuka wazi. Kikishuka nusu tu, kuna chanzo cha pili, jambo la kawaida kwa magari haya; rudi hatua ya 3 na uandike sentensi mpya, kwa sababu dalili sasa ni tofauti.

Kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100, na yubolti baada ya takriban kilomita 500, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Safari ya kwanza ya moramu ikiwa ndefu, kama ya kuingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka, usisubiri kilomita zitimie: kagua yubolti jioni ya siku hiyohiyo, na ukikuta hata moja imelegea, kaza nati zote nne za upande huo kwa kupokezana na upime upya pembe ya pinioni.